Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza: Kuhusu Fundi wa Jumamosi

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Nairobi.
1 Aprili 2026

Kwa wazazi na walezi wote,

KUH: KUFUNGA SHULE, NA SHUKRANI KWA FUNDI

Hamjambo nyote? Natumai barua hii itawafikia ikiwa kavu, maana kwa mvua hii ya masika mkoba wa mtoto ni sawa na chujio.

Shule inafungwa kesho Alhamisi, tarehe 2 Aprili, saa sita mchana. Tutafungua Jumatatu tarehe 27. Ripoti ya mtoto iko ndani ya bahasha hii. Isomeni mkiwa naye, si akiwa amelala. Mambo ya karo na sare nimeyaweka mwishoni, na kwa kuwa nawajua, wengi wenu mtarukia huko kwanza. Mkimaliza rudini hapa juu. Kilichonifanya niandike barua ndefu kuliko kawaida yangu kiko hapa.

Mwezi uliopita, siku mbili baada ya mashindano ya roboti, mzazi mmoja aliuliza kwenye kundi letu la WhatsApp: "Kwani shule imekosa mhandisi hadi watoto wafunzwe roboti na fundi wa nguo?" Wengine wakaongeza vikaragosi vya kucheka. Sikujibu siku ile. Yako mambo hayajibiwi kwa kidole gumba. Namjibu leo, na namjibu bila hasira, kwa sababu swali hilo niliwahi kuliuliza mimi kabla yake, tena ana kwa ana, tena bila hata kikaragosi cha kulainisha.

Ilikuwa 2023, mwaka ambao Gredi ya 7 ilianza nchini nasi tukajikuta na watoto waliobalehe, madawati ya chekechea na maabara ya kuchora kwenye karatasi. Tulikuwa tumepata seti moja ya roboti ya LEGO iliyokwisha kutumika, na mwalimu wa Sayansi Jumuishi aliyekubali kuisimamia. Nikatangaza kwenye mkutano wa wazazi kwamba tunatafuta mtu mzima wa kujitolea kila Jumamosi asubuhi. Nilitarajia mtu wa kompyuta. Akaja mama mmoja mwenye tepu shingoni na vipande vya uzi kwenye sweta, ametoka moja kwa moja kibandani kwake Uhuru Market, pale Jogoo Road, anakoshona sare. Mwanawe alikuwa Gredi ya 7. Nikamwuliza, "Mama, wewe umesomea nini?"

Akasema, "Kushona. Lakini naweza kufungua mlango na kuhesabu watoto."

Nilimwandika kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza. Nasema ukweli.

Amenisihi nisitie jina lake humu, nami nimekubali shingo upande. Watoto wanamwita Fundi, basi nami nitamwita hivyo.

Kwa wale ambao watoto wao hawamo kwenye timu, nieleze kidogo. Mashindano haya yanaitwa FIRST LEGO League. FIRST ni shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, na kampuni ya LEGO ikaungana nalo mwaka 1998 ili watoto wadogo nao wapate pa kuanzia. Timu ni watoto wasiozidi kumi. Kila msimu una mada yake: tulianza na sanaa, mwaka uliofuata ikawa bahari, na msimu huu akiolojia. Roboti huwekwa juu ya meza yenye mkeka uliochorwa, kisha kwa dakika mbili na nusu hujiendesha yenyewe ikifanya kazi mbalimbali, kwa mfano kuinua sanamu iliyoanguka, au kuondoa udongo juu ya mahali pa kuchimba. Hakuna rimoti. Kilichoandikwa kwenye programu ndicho kitakachotendeka, na kisichoandikwa hakitatendeka hata ukiomba.

Hiyo meza, ambayo ndiyo wazazi huipiga picha, ni robo tu ya alama zote. Robo nyingine ni jinsi watoto wanavyoeleza walivyoiunda roboti, robo ni mradi wa utafiti, na robo ni namna wanavyoishi pamoja kama timu. Kisha kuna sharti moja ambalo wahandisi wengi niliowahi kuwaalika hapa limewashinda. Kazi yote iwe ya watoto. Mtu mzima anaweza kuuliza, anaweza kuonyesha pa kutafuta, lakini haundi, haandiki programu, hafungui wala hafungi kipande. Niliwahi kumleta kijana hodari kabisa wa kompyuta, na kufikia saa nne asubuhi alikuwa amekalia kiti cha mtoto, watoto wakiwa nje wanacheza mpira.

Fundi huweka mikono mfukoni. Ana koti moja la kijivu lenye mifuko mikubwa, alilishona mwenyewe, na Jumamosi ikianza mikono huingia humo.

Jumamosi moja ya Oktoba 2024 nilipitia kule kuchukua funguo. Roboti ilitakiwa kwenda sentimita 70 isimame kwenye mstari. Mara ilifika, mara ilipitiliza, mara iliishia njiani. Watoto tisa walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja, kila mmoja ana mkosaji wake. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, nikaliona kosa nikiwa bado mlangoni: walikuwa wameiamuru roboti iende kwa sekunde, na betri inapoanza kuchoka, sekunde mbili za asubuhi si sekunde mbili za adhuhuri. Mkono wangu ulikuwa umeshatangulia kuelekea kwenye tableti. Fundi akautazama. Hakunitazama mimi, aliutazama mkono. Nikaurudisha.

Kisha akauliza, kama mtu anayepima mteja, "Hilo gurudumu, kiuno chake kikoje?"

Watoto wakacheka sana. Mmoja akamvua tepu shingoni akajaribu kuizungusha kwenye gurudumu, ikawa ngumu kupinda. Mwingine akaomba uzi. Fundi akatoa uzi, hakusema neno. Wakauzungusha mara moja, wakautia alama kwa chaki ya kushonea, wakaunyoosha juu ya rula: sentimita 17 na nusu. Kimya. Halafu msichana mmoja wa Gredi ya 6 akaanza kujumlisha kwa vidole, 17 na nusu, 35, 52 na nusu, 70. "Ni mara nne! Ni mara nne kamili!" Wakaacha sekunde, wakaandika mizunguko minne, na roboti ikasimama juu ya mstari kama matatu iliyomwona askari.

Ilichukua dakika 40. Mimi ningewaambia kwa dakika moja, nao wangesahau kwa mbili. Hadi leo Gredi ya 8 hawasemi mzingo wa duara, wanasema kiuno, na mwalimu wao amechoka kuwasahihisha.

Yapo mengine nisiyoyaona, nikayajua kwa kukuta alama zake. Vile vipande vidogo vya LEGO, ambavyo mtoto yeyote anaweza kuondoka navyo bila kujua, vina vifuko vya kitambaa vilivyoshonwa kwa mabaki ya sare: vya kijani ni vya mhimili, vya bluu ni vya gia, vya maruni ni vya vile vijiti ambavyo jina lake hakuna anayelijua. Muhula uliopita stima ilipopotea siku mbili kabla ya majaribio, betri zilikwenda kuchajiwa sokoni katikati ya vyerehani na zikarudi zimejaa, zimefungwa kwenye leso. Na kuna daftari. Ni daftari la kawaida la kurasa 96, sasa ni la tatu. Kila Jumamosi ameandika nani amefika saa ngapi, nani ataondoka na nani, hali ya hewa, na kwenye safu ya mwisho nyembamba, kwa herufi ndogo: "amekula" au "hajala". Nimelipitia lote. Sikupata Jumamosi hata moja yenye "hajala" ambayo mstari wa chini yake haukuwa na neno "mandazi".

Tangu msimu wake wa pili Fundi ni refa pia. Waandaaji walihitaji watu wa kujitolea, na watu wengi hutaka kuwa majaji waketi, si marefa wasimame kutwa. Kitabu cha sheria kiko kwa Kiingereza, naye husema Kiingereza chake ni cha risiti. Alikisoma na kamusi, usiku, ukurasa kwa ukurasa, kisha akawapa watoto wamtahini. Mwanawe mwenyewe alimfelisha mara mbili.

Mwezi uliopita nilimtazama akiwa kazini. Meza yake ilikuwa upande wa pili wa ukumbi, mbali na timu yetu, kama inavyofaa. Timu ya shule nyingine ilikuwa imemaliza zamu yake, na sanamu yao imeinuka lakini si vizuri, imeegemea kama mlevi. Je, imehesabika au haijahesabika? Wale watoto walikuwa wameacha kupumua. Fundi akapiga goti, akalaza shavu karibu na mkeka, akaitazama sanamu kwa usawa wa macho, upande huu, akazunguka, upande ule. Ni vile vile anavyotazama pindo la sketi mteja akiwa amesimama juu ya kiti. Hakuwa na uhakika. Sheria ni kwamba refa asipokuwa na uhakika, shaka ni ya timu. Akasema, "Imehesabika." Kisha akapitia kila kazi mezani pamoja nao, moja baada ya nyingine, akiwauliza wanaonaje, hadi wote wakakubali, ndipo alama zikaandikwa.

Hapo hapo mzazi mmoja wa shule yetu, ambaye simtaji lakini anajijua, alikuwa jukwaani akipaaza sauti kwamba refa wa meza yetu amenunuliwa. Ndugu yangu, yule refa alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa miguu yake, na malipo yake yalikuwa soda na chapati moja. Huku si Ligi Kuu.

Na mezani kwetu palikuwa na jambo ambalo ukiwa jukwaani hukuweza kuliona. Kila timu huanza na visahani sita. Ukiigusa roboti ikiwa nje ya eneo lako, refa huchukua kimoja. Ukibaki na sita au vitano, unapewa alama 50. Vikibaki vinne, unapewa 35. Chetu kimoja kilikuwa kimeshachukuliwa. Zamu ilipokwisha na refa akianza kuhesabu, yule msichana wa uzi, sasa yuko Gredi ya 8, akamwambia, "Nimeigusa mara nyingine, ulipokuwa umegeuka." Refa hakuwa ameona. Wenzake wanne walimtazama kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza. Kisahani kikachukuliwa, na alama 15 zikaenda. Nilipiga hesabu kwenye basi tukirudi: zingetupandisha nafasi moja. Hatukuleta kombe.

Nilimsimulia Fundi jioni ile akivua shati lake la mistari la refa, ambalo alikuwa amelipunguza mikono kwa sababu waandaaji huagiza saizi moja. Alicheka, akauliza kama mtoto yule alipata chakula cha mchana.

Wenye mashindano haya wana neno lao la kueleza tabia hiyo, lililoletwa na profesa Woodie Flowers wa chuo cha MIT, aliyefariki mwaka 2019: shindana kwa nguvu zako zote, lakini mpinzani wako umheshimu kama mwenzako wa kazini. Ngazi ya vijana wakubwa ina hata tuzo yenye jina lake, ya walezi wa timu, na wanaoandika kumpendekeza mlezi ni wanafunzi wenyewe. Sisi hatujafika ngazi hiyo, ila wazo nililipenda nikaliiba. Wiki iliyopita niliwagawia watoto wa timu karatasi, waandike kuhusu Fundi chochote wanachokumbuka. Sikusahihisha.

Wa Gredi ya 5 ameandika: "Fundi hajui roboti sana lakini anajua nani ana njaa." Wa Gredi ya 8: "Akikuuliza swali anangoja mpaka unajibu, hata kama ni chai inapoa." Mwingine: "Alituacha tushone wenyewe."

Hilo la mwisho lina kisa. Mradi wa utafiti msimu huu ulitaka watoto watafute tatizo linalowasumbua wanaochimba mambo ya kale. Fundi aliwapeleka Makumbusho ya Taifa, kwa matatu, na nauli yake alijilipia. Huko wakasimama mbele ya Mvulana wa Turkana, mifupa ya mtoto aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita, wakasoma kuhusu Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekiona kipande cha kwanza cha fuvu lake huko Nariokotome mwaka 1984, kipande kidogo katikati ya kokoto. Kamoya alianza kazi hiyo akiwa kibarua wa kuchimba. Alifariki mwaka 2022, na duniani ni wachache mno waliomfikia kwa kuona kile ambacho wengine wanakikanyaga. Nilipoisoma ripoti ya watoto nilijiuliza, kwa haya kidogo: angekuja ofisini kwangu mwaka 2023, si ningemwuliza naye amesomea nini?

Basi watoto wakaamua kutengeneza kifuniko cha kuzuia mvua isisombe udongo na mifupa usiku, wachimbaji wakiwa wamelala. Turubai jepesi, vijiti, na pindo pande zote la kupitishia kamba. Walilishona wenyewe, kwa mkono, wiki tatu. Wazazi wangu, pindo lile lilikwenda kombo kama njia ya mbuzi. Na huyu ni mwanamke ambaye jina lake lote pale sokoni limesimama juu ya pindo zake. Cherehani yake ingelinyoosha kwa dakika tano. Siku ya kwenda mbele ya majaji nilimwona amesimama kando ya mlango, anaangalia lile pindo likikunjuliwa mbele ya watu, mikono imezama mfukoni hadi viwiko. Jaji mmoja akawauliza watoto nani ameshona. Wakajibu wote kwa pamoja, na kwa majivuno, kwamba ni wao. Jaji akatabasamu akasema, "Naona."

Kwa hiyo, mzazi uliyeuliza kwenye kundi, jibu langu ndilo hilo. Shule haikukosa mhandisi.

Sasa kuna jambo ambalo nililijua kwa kuchelewa, na linaniuma. Mwezi wa Februari nilifika Uhuru Market kwa shughuli zangu, na mwenye kibanda jirani akaniambia, bila kujua mimi ni nani hasa, kwamba "huyu jirani yangu hufunga Jumamosi hadi saa saba, siku ambayo wateja ndio wanakuja." Miaka mitatu. Mwezi wa Januari pia, msimu wa sare, ambapo mafundi wengine hulala hapo hapo. Hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza. Na mwanawe aliyemleta hapa hayupo tena kwetu. Mwezi wa kwanza amejiunga na Gredi ya 10, katika lile kundi la kwanza. Fundi hana mtoto katika shule hii, na bado anakuja.

Kamati ya wazazi ilipendekeza tumpe cheti na zawadi. Cheti tumempa juzi kwenye gwaride, akakikunja akakitia mfukoni kama risiti. Zawadi alikataa. Nilipomsukuma sana aseme anachotaka, alitaka watu wazima wawili. Watakaobadilishana naye Jumamosi, ili apate mbili kwa mwezi za kukaa kibandani kwake. Hahitaji wanaojua roboti. Nimeandika "hahitaji", na alinisomesha sentensi hii tena kuhakikisha nimeiandika.

Mtu akiniuliza kama ni vizuri basi tumwonyeshe shukrani kwa kushona sare kwake: hamtanisikia nikimwelekeza mzazi anunue sare wapi, na mnajua kwa nini. Macho mnayo.

Karo: wenye salio wafike ofisini kabla ya tarehe 27, hata kama hamna kitu mkononi, tuzungumze, hatumfukuzi mtoto bila kuzungumza. Sweta za muhula wa pili ni lazima kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai. Viatu vya mpira vinaruhusiwa mvua ikiendelea. Gredi ya 6 na ya 9 wana mitihani ya KPSEA na KJSEA mwishoni mwa mwaka. Wakalale mapema, wala msiwatafutie mwalimu wa ziada likizoni, nawaomba. Na wanaopita karibu na mto kuja shuleni, tafadhali msiwaruhusu watoto kuvuka maji yakiwa yamejaa, hata kama ni ya kufika magotini.

Nawatakia Pasaka njema na likizo ya salama.

Wenu katika kazi,
Mwalimu Mkuu

Tanbihi: Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao ni tarehe 2 Mei, saa mbili asubuhi. Funguo ya chumba cha roboti iko kwa bawabu, daftari liko kwenye droo ya juu, na Fundi atakuwapo kuwaonyesha. Atakayekuja avae koti lenye mifuko.